Mama Matufaha

Mwaka ule sabuni ilipopotea madukani
baba alirudi kutoka Tukuyu na furushi la magazeti
ya nchi iliyojifungia mlango, mbali huko.
Alikuwa balozi wa nyumba kumi;
alipewa bure ofisini, asome, asomeshe.
Mama akazipima kurasa kwa kidole:
nzito, zinateleza, hazipitishi maji.
"Hizi zitazuia upepo," akasema,
akakoroga uji wa unga, akazibandika ukutani
upande ule Rungwe unakopumulia baridi.

Nikakua nikilala na taifa zima ubavuni.
Trekta kichwani. Miguuni barabara
pana kama uwanja, haina gari, haina mbuzi,
haina hata mlevi mmoja.
Na usawa wa macho yangu mwanamke
na kapu la matufaha, anacheka
meno yote.
Dada yangu Tumwitike alimpa jina, Mama Matufaha.
Tulimwamkia kabla ya kwenda shule.

"Mbona wote wanacheka?"
Baba: "Wenzetu wamefika. Sisi tungali njiani."
Mama, mikono majivuni, akisugua sufuria:
"Wamegawiwa sabuni."

Akaja mpiga picha wa serikali.
Tukapangwa mbele ya mashine ya kusaga,
mpya, haijawahi kuonja dizeli.
Mama akaazimwa kanga ya duka la ushirika,
karatasi ya bei bado imening'inia,
na Anyosisye muuza duka kasimama pembeni
akisubiri kuivua.
"Chekeni!" Tukacheka.
Gego langu lilikuwa linaniua.

Baada ya wiki mbili akaja mama wa Kizungu
na daftari, na kamera yake shingoni.
Huyu alituomba tusicheke.
Akangoja. Ana subira, yule,
kama paka mbele ya tundu.
Moshi ukamwingia mama machoni,
akainama kidogo, akajifuta:
kamera ikalia.

Na katikati ya picha hizo mbili, siku ya Jumanne,
mama alimwigiza karani wa ushirika
akikimbizwa na nyuki, mzani kaubeba kichwani,
na jirani yetu Syabumi akacheka
mpaka ndoo ikammwagikia, akaketi topeni
anaomba mama anyamaze, asije akafa.
Siku hiyo hatukuwa na mgeni.

Leo niko Uyole, kwa Gwakisa kinyozi.
Runinga iko juu ya kioo.
Wanaandamana kule, mguu mmoja, maelfu;
halafu wanalia, wote, kwa pamoja.
"Hawa si watu," Gwakisa anasema, wembe sikioni pangu,
"hawa wametiwa betri."
Kijana mwenye zamu anadai wanakula nyasi.
Mwingine kasikia hawana wezi, angehamia kesho.
Mimi sisemi. Wembe uko sikioni.
Namtafuta tu mwanamke mmoja katika umati,
atakuwa bibi sasa, kama yu hai.
Nina swali langu dogo kwake:
walipomaliza kupiga, yale matufaha
yalirudi dukani?
Nani alisimama pembeni akiyahesabu?
Na Jumanne yako, mama, ilikuwaje?

Tulipobomoa nyumba, mwaka aliozikwa mama,
nilitaka kumchukua. Nilichomeka kisu taratibu
nyuma ya karatasi, nikavuta.
Uji wa mama ulikuwa umeshika kuliko nilivyodhani.
Kapu likatoka, na mkono wake mmoja.
Uso ukabaki kwenye udongo,
na upande wa pili wa karatasi, maandishi
safu kwa safu, madogo, meusi,
ambayo miaka yote ile yalikuwa yametazama ukuta.

Nimeyaweka ndani ya Biblia.
Sijapata mtu wa kunisomea.